Bata wa Kwenye Sabuni

Wifi yangu hutengeneza sabuni za miche uani kwake. Kila karatasi ya kufungia ina picha ya bata, aliyechorwa na kaka yangu siku za uchumba wao. Bata mwenyewe anafanana na birika. Kaka humwonea haya, na kila mwaka humsihi mkewe amfute.

Mwezi uliopita wifi akamwondoa kweli. Akafunga sabuni ileile kwa karatasi nyeupe, akaketi kibandani kusubiri.

Nikamwambia, "Wifi, unajitafutia balaa. Utafukuza wateja."

"Nataka kujua wanatupenda kiasi gani," akajibu. "Anayetaka sabuni tu atanunua aende zake. Anayetupenda atagomba."

Asubuhi wote walinunua kimya, naye akanywea. Mchana akaja fundi viatu, akaigeuza sabuni huku na huku. "Mama, bata yuko wapi? Mimi hii siijui." Nyuma yake muuguzi mmoja akadakia kwamba mwanawe haogi bila bata. Wakamsema wifi mpaka nikamwonea huruma. Mwenyewe anachekelea tu.

Jioni tulikuwa jikoni, kaka akatoka bafuni na taulo kiunoni, mkavu kabisa, sabuni mkononi.

"Mke wangu, hii sabuni ya nani?"

"Yetu. Si ulisema bata anakutia aibu?"

Kaka akanitazama, akamtazama mkewe.

"Aibu ni yangu mwenyewe," akasema. "Nipe bata wangu nikaoge."