Neno Nililomwambia Afisa wa Madini

Wakati ule nilikuwa mzee wa kanisa na pia mchimbaji. Duara letu, shimo la kushukia chini kufuata mwamba wa dhahabu, lilikuwa upande wa Kharumwa, na tulikuwa wachimbaji kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu. Tulibatizwa siku moja, tukiwa watu wazima tayari.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano rafiki yangu alimwambia msimamizi kwamba matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yameoza upande mmoja, na kwamba ni afadhali tusubiri yabadilishwe. Msimamizi akamwambia ashuke au ampishe mwingine. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nafunga kamba. Nilisikia yote. Rafiki yangu akashuka, na kabla ya saa nne ukuta ukamwangukia. Tulimfukua kwa mikono. Alikuwa hai, lakini nyonga na mguu wa kulia vilikuwa vimevunjika vibaya.

Afisa wa madini angekuja kesho yake. Msimamizi alituita nyuma ya kibanda cha zana, akasema duara likifungwa familia zetu zote zitakosa chakula, hata ya majeruhi. Kwa hiyo tuseme alikatazwa kushuka, akashuka kwa ukaidi wake. Wenzangu wakakubali mmoja mmoja. Mimi nikasema siwezi, huko ni kumshuhudia mwenzangu uongo.

Hakuna aliyenikemea. Wangenikemea labda ningesimama imara. Walinibembeleza. Mwenzangu mmoja, ambaye nilikula naye sahani moja miaka sita, aliniambia kwa upole, "Sisi watatuona walevi tu. Wewe ndiye watakayemwamini."

Nikanyamaza, nao wakachukulia kwamba nimekubali.

Afisa alikuwa mtu mpole. Aliandika maelezo ya wengine harakaharaka, halafu akaniuliza kama ni kweli mimi ni mzee wa kanisa. Nikasema ni kweli.

"Basi ndivyo ilivyokuwa, mzee?"

"Ndivyo."

Akafunga daftari lake. Duara likasimama wiki moja, matimba yakabadilishwa, tukarudi kazini.

Jumapili nilisimama mlangoni kupokea waumini kama kawaida. Mke wa rafiki yangu alikuwa akinisalimu kwa Kisukuma siku zote, "Mwangaluka," kisha anaanza kuuliza habari za nyumbani, mpaka mbuzi. Asubuhi ile aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mzee," kwa Kiswahili, kama anavyosalimiwa mtu wa ofisini, akapita. Nilisoma somo la siku hiyo mbele ya kanisa zima bila kusikia nilichokuwa nasoma.

Nilikaa na jambo hilo wiki saba. Nilijiambia nimewaokoa watoto wa watu. Nilifunga, nikaomba, na kila nilipoomba nilikwepa kutaja lile neno moja. Mwishowe nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto. Kabla sijamaliza kuomba msamaha akanikatiza.

"Ulisikia aliponiambia nishuke?"

"Nilisikia."

"Basi sikuota," akasema, akageuzia uso ukutani.

Sikuwa nimefikiria hilo. Watu kumi walikuwa wamesema kitu kimoja, na mimi nikiwamo, hata yeye mwenyewe akaanza kutilia shaka kumbukumbu zake.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa afisa nikabadilisha maelezo. Duara lilifungwa. Msimamizi alihama kabla hajaitwa. Wenzangu waliondoka kutafuta kazi kwingine, na yule niliyekula naye sahani moja haitikii salamu yangu tukikutana sokoni. Sina la kumlaumu, maana watoto wake kweli walipata shida. Uzee wa kanisa niliuacha mwenyewe.

Rafiki yangu sasa anatembea kwa fimbo. Aliniambia amenisamehe, nami namwamini. Ananikaribisha ugali, tunaongea, tunacheka. Ila nikimweleza jambo, hata kama ni bei ya mahindi tu, hunisikiliza mpaka mwisho, kisha humgeukia mkewe akamwuliza kama ni kweli.