Bi Mwanamkasi na Plagi za Chini ya Kiti

Ukitaka kumkasirisha Bi Mwanamkasi wa Dunda, mwambie gari lake limezeeka. Mwambie yeye mwenyewe amezeeka, atacheka na kukumiminia kahawa. Lakini gari, hapana. Hapo atajifunga kanga yake vizuri, atakutazama juu mpaka chini, na utatamani uage mapema.

Gari lenyewe ni Noah ya zamani, ile ambayo injini yake haikai mbele kama injini za watu. Imejificha chini ya viti viwili vya mbele kama kuku anayeatamia, na mwezi wa Februari anayekaa hapo hushuka amechemka. Marehemu mumewe, Mbaruku, ndiye aliyelinunua. Mwanamkasi hukusanya mikeka na ukili kwa wanawake wa vijiji vya huku kwetu, akaipeleka Dar es Salaam kwa wateja wake, na siku zote Mbaruku ndiye aliyekuwa akishika usukani. Mbaruku alipofariki, watu walidhani biashara imekwisha. Mwanamke akakaa eda yake kwa heshima zote, na eda ilipokwisha akaenda kujifunza gari. Siku za mwanzo watu walikuwa wakisimama kando ya barabara kumtazama. Siku hizi wanasimama katikati ya barabara kumwomba awapakie.

Basi kipupwe cha mwaka jana gari likaanza kukohoa. Ukiliwasha linatetemeka kama mwenye homa, ukikanyaga mafuta linasitasita, likiona kimlima linakata pumzi. Mwanawe wa pekee wa kiume, Muzammil, anayefanya kazi Dar kwenye maghala, alikuja kumsalimu mama yake, akapanda gari hilo mpaka sokoni, akarudi na neno lake tayari. Muzammil ni kijana mwema, tena ana mapenzi na mama yake, ila ana haraka. Hata shikamoo yake huitoa akiwa anavua viatu. Akasema kuna mtu yuko Vigwaza ananunua magari makuukuu na kuyakata vipande vipande, na huyo mtu amekwisha kuzungumza naye.

Miguu Mwanamkasi anayo, wala kutembea hakumtishi. Alichokiogopa ni kuomba. Aliona mbele yake maisha ya kukaa barazani na mkoba mapajani, akiambiwa subiri, mama, kesho nitakupeleka, na kesho ya watoto wa siku hizi ina urefu wake. Mikeka ya watu itapukutika ndani, na yeye atakuwa mtu wa kuchukuliwa na kurudishwa kama sinia ya jirani.

Sasa, binti yake Ashura ameolewa Ubena, kule mbele ya Chalinze, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Jumapili iliyokuwa ikija ndiyo ilikuwa arobaini yake, siku ya kumtoa mtoto nje aone jua, na kwa desturi yao bibi mzaa mama ndiye humpokea mlangoni. Mwanamkasi akamwambia mwanawe kwamba Ubena atakwenda na gari lile lile, yeye mwenyewe akiendesha. Muzammil akacheka. Mama yake hakucheka. Ndipo wakawekeana sharti: gari likifika Ubena bila kuvutwa kwa kamba na bila kuitiwa fundi, habari ya kuliuza isisikike tena nyumba ile. Likishindwa, Jumatatu mtu wa Vigwaza aje achukue mali yake.

Shahidi wao alikuwa Bi Shaikha, jirani wa mlango kwa mlango. Huyu ni katika wale Waarabu wa Omani waliozaliwa hapa hapa, na babu zao wakazaliwa hapa hapa. Ana duka la viungo na nguo, na mdomo haumtulii. Yeye na Mwanamkasi wamekua pamoja, wamesutana pamoja, na wamezikiana waume.

Fundi Ashrafu akaitwa, kwani sharti lilikuwa la safari, halikukataza matayarisho. Akasikiliza injini ikiguna, akasema ugonjwa ni plagi, zile zinazowasha moto wa injini, zimekwisha. Mwanamkasi akamwambia basi azibadilishe. Hapo fundi akaanza kujikuna shingo. Gari lile, akasema, si la mchezo: mpaka viti viinuliwe, mkono uingie kwenye shimo kama mtu anayetafuta kaa, na kila akilifungua hurudi nyumbani amechubuka vidole vyote. Aje nalo Jumanne. Mwanamkasi akamkumbusha kuwa Jumanne haijapata kuitangulia Jumapili tangu dunia iumbwe. Mwisho wa maneno Mwanamkasi akaazima kwake spana ndefu ya plagi, akaenda dukani kununua plagi mpya, akarudi nyumbani.

Wala hakuwa anabahatisha. Miaka yote ya Mbaruku, Mwanamkasi ndiye aliyekuwa akishika tochi, na Mbaruku alikuwa mtu wa kusema huku akifanya kazi. Injini ipoe kabisa, mke wangu, ukiifungua plagi ya moto unaing'oa na meno ya tundu lake. Puliza mchanga kwanza, ukidondokea ndani umekwisha. Waya za plagi usizichanganye, kila moja ina pake. Mengine ya Mbaruku ameyasahau, Mungu amrehemu, lakini hayo yalimkaa.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri akakunja kiti, akafunua mfuniko, na injini ikaonekana, nyeusi kama chungu cha msibani. Akachukua pampu ya baiskeli akapuliza mashimo ya plagi, vumbi likamrudia usoni. Kisha akachukua miyaa, majani ya kusukia ukili, iliyotiwa rangi, nyekundu, kijani, zambarau, na moja nyeupe, akaifunga kwenye waya, kila waya na rangi yake, na rangi hizo hizo akazifunga mahali pake pa kurudi. Msusi wa mikeka hachanganyi rangi. Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri mno.

Shida ikaja kwenye plagi zenyewe. Zilikuwa zimekaza, hazisogei hata akining'inia kwenye spana. Akavuta, akaegemea, akasoma bismillahi kwa sauti, wapi.

Na sisi watu wa pwani, kitu kikikaza dawa yake tunaijua. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta ya nazi. Pete ikigoma kidoleni, mafuta ya nazi. Cherehani, nywele, mgongo wa mzee, yote ni hayo hayo. Bi Shaikha, aliyekuwa ameleta kigoda chake ili asikose kitu, akatuma chupa iletwe kutoka dukani kwake. Mwanamkasi akamimina kwenye kila shimo, bila ubahili.

"Shoga," akasema Bi Shaikha, "hiyo ni injini au mwali? Naona unaisinga kabisa."

"Mwali hana kiburi hiki," akajibu Mwanamkasi, akafunika, wakaenda zao.

Usiku ule baridi ya kipupwe ikashuka. Asubuhi alipofunua akakuta mafuta yameganda mashimoni, meupe kama samli. Hilo hakuwa amelifikiria, na mtu wa nchi isiyo na minazi asingekuwa na haja ya kulifikiria. Akayachota kwa mpini wa mwiko, akafutafuta, akatia spana. Kweli, plagi zikaachia, moja baada ya nyingine, zikilia kama mlango wa ghala. Kila moja ilipolegea, akachomeka kichwa cha waya juu yake, kikaikamata, akaivuta nje kama anayeopoa ndoo kisimani. Ile ya nyuma kabisa ilimtoa jasho. Ilikuwa nyuma ya chuma, mahali pasipoonekana, akaifanya kwa kupapasa na macho ameyafumba, ulimi nje. Plagi mpya akazichomeka kwenye kipande cha mpira wa maji, akazizungusha taratibu kwa vidole mpaka ziliposhika meno yake bila kwenda upande, ndipo akazikaza. Vidole vilichubuka. Fundi hakusema uongo.

Akarudisha waya kwa rangi zake, akaliwasha gari. Likatetemeka, likatoa moshi mweupe, na mtaa mzima wa Dunda ukanukia maandazi. Dereva mmoja wa bodaboda akasimama kuuliza kama vitumbua vimeiva. Lakini moshi ulipokwisha injini ikatulia, ikanguruma kwa adabu, na Mwanamkasi akaegemeza kichwa kwenye usukani, akamshukuru Mola wake.

Jumapili asubuhi wakaondoka. Mwanamkasi kwenye usukani, Muzammil pembeni yake kama hakimu, Bi Shaikha nyuma na mkeka mpya wa mtoto, doti za kanga, na kifurushi cha udi. Wakapita Makurunge, wakavuka Ruvu, gari linakwenda kama limekatwa ulimi, halina lawama. Muzammil aliitazama barabara tu. Bi Shaikha alisema kwa niaba yake.

Walipoikaribia Kiwangwa, pale wanapouza mananasi kando ya barabara, harufu ya maandazi ikarudi. Kidogo kwanza, halafu ikajaa. Kisha gari likakohoa mara moja. Likakohoa tena. Likaanza kuvuta kwa kusuasua. Mwanamkasi akalipeleka kando taratibu, likazimika mbele ya meza ya mananasi.

Muzammil alikwishatoa simu mfukoni. Hakuwa na furaha ya ushindi, hilo nalisema kwa haki yake. Alikuwa na huruma usoni, na huruma ile ndiyo iliyomchoma mama yake kuliko kitu chochote.

"Mama, umejitahidi," akasema. "Ngoja nimpigie mtu atuvute."

"Weka simu," akasema Mwanamkasi. "Na uinuke, umekalia injini yangu."

Akainuka. Wakangoja injini ipoe, wakila nanasi, naye Mwanamkasi wakati wote huo hakutia kipande mdomoni. Alikuwa anawaza. Gari halikuwa na harufu ya mafuta ya gari. Lilikuwa na harufu ya jiko lake mwenyewe. Injini ilipopoa akakunja kiti, akauvuta waya wenye mwaa wa zambarau, ule wa shimo la nyuma lisiloonekana, na kichwa chake kikatoka kinang'aa, kinadondosha. Akamulika kwa tochi ya simu ya Muzammil. Chini ya shimo, plagi mpya ilikuwa imezama katika mafuta ya nazi yaliyoyeyuka. Pale alipopapasa kwa macho ya kufumba, hakuyachota yote. Yalikuwa yamejificha yameganda, na joto la safari limeyaamsha, yakaufanya moto wa plagi upotee njia.

Akacheka mpaka akashika mlango. Bi Shaikha akachungulia, akaona, akasema mara moja kwamba mafuta yake ni safi, ya kukamua kwa maji ya moto, na kama injini haijui kitu kizuri hilo si kosa la duka.

Mwanamkasi akamwomba muuza mananasi kijiti kirefu, akachana ncha ya kitambaa chake cha jikoni, akakizungusha kwenye kijiti, akachovya na kufuta, akachovya na kufuta, mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Akafuta kichwa cha waya ndani na nje. Akakichomeka kikalia tak. Mashimo mengine akayakagua yote kwa tochi, maana kosa moja linatosha. Muzammil alisimama ameinyoosha tochi, na Mwanamkasi alipoinua macho akaona jinsi mtoto yule anavyoishika, kwa mikono miwili, kama yeye alivyokuwa akiishika zamani.

Likawaka kwa jaribio la kwanza.

Walipokaa sawa Muzammil akajikohoza, akasema kwa heshima kwamba hata hivyo gari limesimama njiani, na sharti ni sharti.

"Sharti lilikuwa kamba na fundi," akadakia Bi Shaikha kutoka nyuma. "Kamba siioni. Fundi simwoni."

"Na huyu aliyefungua injini ni nani?"

"Huyo ni mama yako."

Kutoka hapo mpaka Msata, na milima yote ya Lugoba, gari halikuuliza swali. Kwenye mpando mmoja mrefu wakalipita lori, na Muzammil akashika mlango kwa nguvu, akamsihi mama yake apunguze. Mwanamkasi akapunguza, lakini baada ya kulipita.

Ubena waliwakuta watu wamekwisha kukaa, mchele juu ya moto, wazee wa Kikwere wakizungumza Kikwere chao barazani. Ashura akatoka ndani amefukizwa udi, mtoto amefunikwa kanga, akamweka mikononi mwa mama yake pale kizingitini. Mwanamkasi akamtoa juani. Mikono ilikuwa safi, lakini vidole vilikuwa na michubuko, na wanawake wakaiona, na Bi Shaikha akawaeleza kisa chote kabla hawajauliza, na sehemu nyingine akaziongezea.

Walipokuwa wanakula simu ya Muzammil ikalia. Alikuwa mtu wa Vigwaza. Muzammil akamtazama mama yake, aliyekuwa na mjukuu kifuani, akatazama gari nje, likipoa kivulini na watoto wa kijiji wamelizunguka. Akamwambia yule mtu amsamehe, gari haliuzwi tena, halijafa. Akasikiliza kidogo, akafunika simu kwa kiganja.

"Anasema nini?" akauliza Mwanamkasi.

"Anauliza litakufa lini."

"Mwambie amwombe Mungu umri mrefu," akasema, "halafu asubiri."