Redio Nyekundu ya Mama Zuhura

Harufu ya plastiki mpya, ikichanganyika na ya maboksi yaliyokaa gizani, bado hunirudisha Temeke. Juzi ilinikuta ndani ya jengo moja la maduka huko Mwenge. Milango mingi ilikuwa imefungwa na kubandikwa karatasi za kutafuta mpangaji, na katika duka la mwisho la simu na redio kijana mmoja alikuwa akifungasha mali yake.

"Siku hizi watu wanaagiza kwenye simu, mama," aliniambia bila kuulizwa. "Hapa wanafuata kiyoyozi tu."

Nilicheka, lakini miguu yangu haikuondoka.

Baba yangu alikuwa na duka la redio. Ilikuwa fremu moja nyembamba, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasafiri vikaanza kuonekana mtaani kwetu. Baba alikuwa na msemo wake: "Redio haiuzwi kimya." Kwa hiyo kila redio iliyopata mnunuzi ilipigwa palepale dukani tangu alasiri mpaka magharibi, mnunuzi akiwa ameketi kwenye benchi, mara nyingi na familia nzima iliyovaa kama inakwenda harusini. Majirani nao walijaa, maana burudani ile haikuwa na kiingilio. Jua likizama Baba aliuliza, "Umeridhika?" Mnunuzi akijibu "Nimeridhika," watu walipiga makofi, na redio ikaondoka na mwenyewe.

Kwenye rafu ya juu ilikaa redio nyekundu ya kanda, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hiyo alikuwa amewekewa Mama Zuhura, jirani yetu mpika maandazi, aliyeahidi kuichukua zamu yake ya kupokea fedha za mchezo, walizochangiana na wanawake wenzake, itakapofika. Nilikuwa na miaka kama tisa, na niliipenda redio ile kupita kiasi. Kila nilipoifuta vumbi nilimwomba Mungu zamu ya Mama Zuhura ichelewe.

Wakati huo machinga walianza kupita nyumba kwa nyumba na redio mabegani, wakiuza kwa bei ambayo Baba hakuiweza. Benchi likawa linashinda tupu. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba ile nyekundu ikitoka atapata fedha za kufuata mzigo mwingine Kariakoo. Isipotoka, fremu atamrudishia mwenye nyumba. Maneno niliyasikia yote. Nilichokielewa ni kimoja tu: redio bado ipo.

Basi alasiri moja Mama Zuhura akapita mbele ya duka, haraka haraka, amebeba mtoto mgongoni, amemfunika khanga mpaka kichwani. Alikuwa akielekea uani kwetu, kwa Mama. Baba akashangaa, kwa kuwa kitinda mimba wa Mama Zuhura alikuwa darasa la tatu, tena tukisoma pamoja.

"Shemeji, mtoto wa nani huyo?"

"Wa mdogo wangu, katoka Kimara. Ana homa kidogo, kalala."

Akaruka mtaro. Alipotua upande wa pili, mtoto akaunguruma kwa sauti nzito ya kiume, akaanza kutangaza bei za mazao mikoani.

Mama Zuhura aliganda. Baba alitazama chini, akakohoa, kisha akasema, "Mtoto mchanga, sauti kama ya diwani! Mlete ndani tumwangalie hiyo homa."

Tulicheka mpaka Mama akatoka uani na mwiko mkononi. Mama Zuhura mwenyewe alicheka, ingawa alikaa kwenye benchi akitazama vidole vya miguu, hakuthubutu kuinua macho kwenye rafu ya juu. Redio ile aliyoinunua kwa machinga ilikuwa na waya uliolegea. Baba aliukaza, kisha akaipiga mpaka magharibi, sawasawa na zile za kwake.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, shemeji. Nilikuwa nakwenda kwa Mama Asha anisemee kwako, ila sasa uso wangu sijui niuweke wapi."

"Uweke hapohapo. Usipoonekana, kesho nani atatuuzia maandazi?"

Haukupita muda mrefu Baba akaishusha ile nyekundu. Siku hiyo alimketisha Mama kwenye benchi, akaiwasha. Majirani walikuja wengi kuliko siku zote. Mama Zuhura alileta beseni zima la maandazi, na kila mara akawa anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikadhani bado anamcheka yule mtoto wa Kimara. Jua lilipozama, Baba akauliza kwa sauti yake ileile, "Mama Asha, umeridhika?"

Mama alitazama rafu ya juu iliyobaki tupu. "Nimeridhika."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Niliibeba redio mwenyewe mpaka ndani, nikiimba, na nyuma yangu Baba akafunga mlango wa duka. Kwa miaka mingi niliihesabu kuwa siku tuliyonunua redio. Nilikuwa mtu mzima, na Baba hayupo tena, nilipotambua kwamba ilikuwa siku ya kufunga duka, na kwamba hakutaka lifungwe kimya.

Kijana wa Mwenge alikuwa akitia redio ndogo ndani ya boksi. Nikamwambia naichukua.

"Nikufungie, mama?"

"Iwashe kwanza."

Nikavuta boksi tupu, nikakaa. Aliniangalia kama mtu aliyepotea njia, lakini akaiwasha, na mlinzi wa jengo akasogea, na dada wa usafi naye akaegemea ufagio wake. Tulisikiliza mpaka kijana mwenyewe akaacha kufungasha.

"Vipi, mama?"

"Nimeridhika," nikamjibu, nikaanza kupiga makofi.