Siku Nilipojijibu kwa Sauti

Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na mimi, karani wa Tukuyu, nilitakiwa kufanya mtihani wa maadili ili nibaki kazini. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilibaki nikizunguka meza, nikijiuliza maswali na kujijibu kwa sauti kama mhubiri.

"Mkuu wako anaiba mali ya umma. Utafanya nini?"

"Nitamripoti leo hii, hata akinifukuza."

Nilipogeuka, mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, koti likichuruzika maji ya mvua.

"Kijana wangu," alisema taratibu, "yale mabati ya zahanati nitayarudisha kesho. Usiandike kitu."

Sikuwa nimesikia habari za mabati yoyote mpaka dakika ile. Nikajikuta namjibu, "Sawa, mzee."