Oda ya Shahe

Nilikubali kuwa mkalimani wa yule mfanyabiashara kwa sababu tulitoka mkoa mmoja, na kwa sababu mwanafunzi anayesomea shahada ya pili ya unasihi hapa Guangzhou, China, hakatai kibarua cha asubuhi moja. Tulikutana kwenye mgahawa wa mtaa wa Dengfeng. Alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye msalaba mdogo shingoni, na kabla ya kugusa chai alifumba macho akaomba.

"Dada, Kichina chako nasikia kimenyooka," alisema. "Nataka unisaidie kule soko la nguo la Shahe. Nguo za kitalii tu."

Shahe watu huwahi. Tulipofika, wabeba mizigo walikuwa tayari wanasukuma mikokoteni na kutupigia kelele tupishe. Ghorofani, mwenye kibanda, mama mmoja wa Kichina ambaye kila mtu alimwita laoban, yaani bosi, alitutandikia sampuli mezani. Vilikuwa vipande vya kitambaa chenye manyoya ya bandia na madoa ya chui, vimeshonwa kamba ya kufungia kiunoni, na nyingine ya kukatiza kifuani.

"Mwambie hizi kubwa mno," mfanyabiashara akasema. "Nataka za watoto. Wa miaka saba mpaka kumi na tatu hivi."

Nilitafsiri. Laoban akauliza ni za mchezo wa kuigiza? Nikamgeukia mwenzangu, naye akacheka.

"Ni za Wahadzabe. Kuna shule ya bweni kule kwetu, wageni wanapenda sana kuwaona. Ngozi zenyewe zinanuka na serikali haitaki tena mambo ya ngozi. Hizi unafua, unaanika. Nimeshaelewana na mwalimu mkuu."

Akaitaja shule. Ilikuwa shule yangu.

Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu mshauri wa wanafunzi pale kwa miaka kadhaa. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya majembe, kina meza na viti viwili vinavyotazamana, na hakuna mtoto aliyefungua mdomo humo ndani. Wale watoto wa wawindaji waliletwa kwa gari kutoka makambi ya wazazi wao, wakanyolewa, wakachapwa kila walipoteleza wakaongea lugha yao. Wakitoroka, wanaandikwa watoro. Ndipo wanatumwa kwangu, niwatengeneze. Nilijifunza kukaa nje nao, ubavu kwa ubavu, tukichambua mboga za jikoni, hadi mmoja aamue kusema.

Msichana wa darasa la tano alitoroka mara mbili, akatembea mpaka kwa mama yake. Aliporudishwa mara ya pili alichambua mchicha wote. Kisha akasema, "Mwalimu, wakija wageni tunatolewa darasani. Tunaambiwa tuvue sare, tufungwe ngozi, turuke. Mimi sitaki kuvua mbele ya watu."

Nilimwendea mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Tulibishana muhula mzima. Mwishowe aliniahidi mbele ya kamati ya shule kwamba jambo hilo limekwisha, na nikapanda ndege nikiamini.

Sasa nilikuwa nimesimama Shahe na lile limanyoya mkononi. Nililirudisha mezani.

"Kaka," nilimwambia, "hao watoto nawajua. Wapo shuleni kusoma."

"Wanasoma, dada. Ni saa moja tu, wageni wakipita."

"Wanavuliwa sare. Wasichana wakubwa wanavuliwa mbele ya wanaume wenye kamera. Wewe una binti?"

Akakunja uso. "Usinitukane. Mimi ni mtu wa Mungu. Ni biashara, na shule inapata unga."

"Mvalishe wako, basi."

Nilipaza sauti mpaka watu wa vibanda vya jirani wakachungulia. Laoban akawa anauliza kuna nini, na kwa hasira Kichina changu chote kilinikimbia, nikabaki kusema "bu yao, bu yao", sitaki, sitaki, kama mtoto anayekataa dawa. Nilishuka ngazi. Yeye alibaki. Mkalimani mwingine hakosekani Guangzhou.

Nilimpigia mwalimu mkuu nikiwa barabarani hapohapo, kidole kikiwa kwenye sikio la pili kwa sababu ya honi.

"Madamu, umeenda kusoma, soma," alinijibu. "Huku tuna watoto wa kulisha."

"Uliahidi mbele ya kamati."

"Hao watoto porini wanavaa nini? Leo ndiyo wana aibu?"

Akakata. Hilo neno la aibu ndilo lililonichoma kupita yote, kwa kuwa alikuwa ameshaamua kwamba kuna watoto wana aibu na wengine hawana.

Nilimtafuta mama wa yule msichana kupitia mwenye duka anayemwachia simu siku za mnada. Alikuwa mjumbe wa kamati na Kiswahili chake kilikuwa kifupi na wazi. Nilimweleza.

"Chui?" akauliza. "Sisi tumevaa chui lini?"

"Ni kitambaa, mama. Kinashonwa huku."

"Basi wageni wapewe na watoto wa kitambaa."

Walipofika wageni mara iliyofuata, yeye na kina mama wenzake walikuwa wamekaa sakafuni ndani ya darasa, kwenye mlango hasa, na watoto wakiwa kwenye madawati na sare zao. Mwalimu mkuu alifoka, akabembeleza, akafoka tena. Hawakunyanyuka. Magari yakageuza. Mzigo wa manyoya, nasikia, uliuzwa kwenye hoteli moja ya watalii, wakavaa wahudumu watu wazima waliolipwa. Mimi nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu mkuu: nikirudi, nitafute shule nyingine. Nilipiga simu ofisi ya elimu ya wilaya, wakaniambia nisiharibu uhusiano mwema kazini.

Baadaye yule mama alinipigia akiwa shuleni, akampa binti yake simu. Sasa yuko darasa la saba. Nilimuuliza kama anakwenda darasani kila siku.

"Naenda."

"Na wageni?"

"Hawaji." Akavuta pumzi. "Lakini tukiongea kikwetu bado tunachapwa. Jana nimechapwa."

Nilikuwa nimekaa kitandani bwenini, vitabu vyangu vya unasihi vimezagaa miguuni. Nilivisukuma ukutani kwa mguu.

"Nipe mama yako tena," nilimwambia.