Watu wa Pembezoni

Redio moja ya Arua ilinialika nieleze kazi yangu. Mimi ni mhandisi Kampala, katika kundi linaloshauri kama vitongoji vya jiji vijengewe treni ya chini ya ardhi au viongezewe reli ya juu, ile ya kawaida. Nilizungumza Kiswahili, nikajisikia fahari. Nilisema mara kadhaa kwamba watu wa pembezoni wamesahauliwa muda mrefu na sasa zamu yao imefika.

Kesho yake nikaenda Koboko kumsalimia baba. Nilikuta mikeka imetandikwa uani, mbuzi ameshachinjwa, majirani wamejaa. Nikadhani kuna msiba.

"Hapana!" shangazi alinikumbatia. "Sisi iko nasikia wewe kwa redio. Treni iko nakuja!"

Kutoka Koboko ukitembea kidogo tu uko Kongo au Sudan Kusini. Nani wa pembezoni kama si wao?

Baba ni askari mstaafu, na mjadala alikuwa ameshauendesha kabla sijafika. Shangazi aliikataa treni ya chini. "Chini ya udongo ni ya maiti," alisema. "Mimi nitaingia siku yangu ikifika." Jirani mmoja, mama anayeuza muhogo mkavu, naye alitaka ya juu, apate pa kupakia magunia.

"Tumekubali ya juu," baba akanitangazia. "Itapita kwa shamba yangu. Mimi natoa bure."

Watu wakapiga makofi. Nilipaswa kusema pale pale, lakini sahani ikaletwa, nami nikala. Nilikula nyama ya mbuzi wa baba huku nikitafuta maneno, hadi muuza muhogo aliponiuliza stesheni itakuwa upande gani wa soko.

"Mama, nisamehe," nikamjibu. "Treni ni ya Kampala. Watu wa pembezoni niliowasema ni wa kule."

Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu wangenitukana. Mmoja mmoja walikumbuka shughuli zao, wakaaga kwa heshima. Shangazi akaanza kukunja mikeka kabla wote hawajatoka. Baba alisimama getini akiwashukuru kwa kuja, nami nilikaa nikitazama vidole vyangu vyenye mafuta.

Aliporudi akaketi karibu nami.

"Na hiyo ya Kampala, nyinyi nataka gani?"

"Ya juu, baba. Gharama yake ndogo. Ila kuna watu wamejenga kando ya reli ya zamani. Watahamishwa."

"Hao watu, wewe nakaa na wao? Nauliza wao, kama vile mimi nauliza hawa?"

"Bado."

"Bado," akarudia taratibu, kisha akainuka kwenda kuswali.

Asubuhi nilipanda gari la Arua. Nilimuaga baba huku nikitazama viatu vyake. Kwenye kikao kilichofuata niliomba tuwatembelee watu wa kando ya reli kabla ya kuamua. Wenzangu walikubali bila ubishi. Ombi lilikuwa dogo kiasi hicho, na miezi yote ile hakuna aliyelifikiria, hata mimi niliyezaliwa mahali ambapo treni haijawahi kufika.

Baba bado ananipigia simu. Habari za reli haziulizi.