Sababu ya Kulala Msituni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga, buti zilizonibana vidole, na rejista ya wageni. Panga na buti nilivielewa. Rejista ndiyo iliyonitesa mpaka nikastaafu. Ilikuwa na safu saba: tarehe, jina, mahali mgeni anapotoka, idadi ya watu, mahema, siku za kukaa, na ya mwisho, "Sababu ya kulala msituni".

"Hiyo ya saba usiache wazi hata siku moja," alisema Mkuu wa Kituo, mzee aliyekuwa jeshini zamani. "Mtu kulala pori bila sababu, huyo ni mwizi ya mbao."

"Na kama hana sababu, afande?"

"Unamkamata."

Hicho kilikuwa kituo cha Jinja, msitu mdogo kando ya mto. Kila jioni nilirudi nyumbani Masese, mtaa wa hapo Jinja, ambako mke wangu, Mama Apio, alikuwa akikausha samaki kwa moshi. Shida ilianza nilipohamishiwa Mbale, kwenye msitu wa juu ya mlima wa Wanale. Huko askari wa msitu hulala kituoni na kwenda nyumbani mara moja kwa mwezi.

Vijana mnaodhani kazi hii ni kutembea tu chini ya miti, sikilizeni. Hema hupigwa mahali palipoinuka kidogo, kisha linazungushiwa mtaro ili maji ya mvua yapite pembeni. Vigingi vya kufungia kamba hupigwa vikiwa vimeinamia nje, la sivyo upepo unaving'oa. Haya niliyasema mpaka koo likakauka. Wageni wao walitaka hema ukingoni, pale pale maji yanapopita, ati waione Mbale yote chini yao. Mvua ikinyesha, ni afande huku, afande kule, godoro limelowa.

Na sababu zao sasa! "Kupumzika," anaandika mtu aliyefika juu akihema, miguu imejaa malengelenge. "Hewa safi," anaandika mwenzake, kisha anawasha jenereta. Karani mmoja aliandika "kukimbia simu", halafu akanifuata siku nzima akiuliza mtandao unashika wapi.

Ningecheka kama mke wangu angecheka. Mama Apio alizaliwa kaskazini. Utotoni mwake, wakati wa vita, familia yao ililala porini miezi mingi bila kuthubutu kuwasha moto. Nilipomwambia kwamba kazi yangu ni kulinda watu waliojipeleka wenyewe kulala porini, aliweka kisu cha samaki chini.

"Baba Apio, mimi si mtoto. Mtu iko na nyumba, iko na kitanda, anaenda kulala pori? Sema tu jina ya huyo mwanamke ya Mbale."

"Hakuna mwanamke. Ni wageni."

"Basi sema wanafuata nini huko."

Nikamwambia wanapumzika. Akaguna. Mwezi uliofuata nikamwambia wanafuata hewa safi. Akauliza kama Masese watu hawapumui. Kila likizo nilimpelekea sababu mpya kutoka safu ya saba, na kila sababu ilinizamisha zaidi. Mwishowe akaacha kuuliza, akaanza kunitandikia mkeka sebuleni. Hapo niliogopa kweli. Nilikuwa nampoteza mke kwa ajili ya watu wenye vitanda vyao wanaopenda umande!

Niliomba uhamisho. Ofisa wa Misitu hakuinua hata macho. "Kila mtu hapa iko na bibi," alisema.

Aliyeniokoa ni Kalasinga mmoja mwenye duka la vipuri Jinja. Kila mwaka alikuja na ukoo mzima, mama yake mzee akibebwa kwenye kiti, wakajibana tisa ndani ya hema la watu sita. Kwenye safu ya saba alikuwa anaandika "kama kawaida". Mwaka ule uvumilivu uliniisha, nikamuuliza hasa anafuata nini.

"Bwana, nyumba yangu iko na vyumba nane," alisema. "Kila mtu na mlango yake. Mwaka mzima nasikia milango tu. Hapa mama anakohoa, nasikia. Mtoto anacheka, nasikia. Nakuja kulala karibu na watu yangu."

Nilimpelekea Mama Apio maneno hayo bila kuongeza chumvi. Safari hii hakuguna. Aligeuza samaki mmoja, kisha mwingine.

"Hata sisi tulilala hivyo," alisema. "Mama alikuwa anashika miguu yetu yote." Kisha akaniangalia. "Na wewe, huko unalala karibu na nani?"

"Karibu na rejista."

Mwezi uliofuata sikwenda nyumbani mimi. Alipanda Wanale mwenyewe, na kapu la samaki. Nilimwonyesha mahali palipoinuka, penye mtaro. Akataka ukingoni, aone Mbale. Asubuhi godoro lilikuwa limelowa chapachapa, naye alikuwa anacheka. Sijui kama nilifurahi zaidi au nilikasirika zaidi.

Sasa nimestaafu, tunakaa Nalufenya mjini Jinja, mgongo unaniuma, na kitanda changu ni kizuri sana. Lakini kila kiangazi Mama Apio ndiye anayefungasha hema. Juzi tulipofika kituoni Wanale, afande mpya, mwanamke mkali, alinisukumia rejista. Kwenye safu ya saba nikaandika: "Mke wangu."

"Mzee, hii si sababu," alisema.

"Basi nikamate."